Kujiunda, Kuganda au Kushikamana? Peptidi za Kinano na Mtihani wa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Katika maadhimisho ya wiki ya Kiswahili chuoni mwetu, chama kilinipa jukumu la kutafsiri maelezo mafupi yaliyoandikwa na mwanafunzi mwenzangu wa biokemia. Maelezo hayo yalihusu peptidi fulani ambazo, zikimiminwa juu ya jeraha, huacha kuwa umajimaji, zikawa jeli na kuizuia damu kutoka. Nilitafsiri kwa bidii na, sina budi kukiri, kwa majivuno kidogo. Niliandika kwamba "peptidi hizi hujiunda mwilini". Nilipomaliza kuisoma tafsiri yangu mbele ya hadhira, mama mmoja anayefanya kazi katika mkahawa wa chuo aliinua mkono, akauliza: "Mwanangu, kitu hicho kikishaanza kujiunda mwilini mwangu, nani atakizuia?"

Ukumbi uliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa maana sikuwa na jibu. Mwanabiokemia aliyeketi kando yangu aliniinamia na kuninong'oneza kwamba peptidi hizo haziundwi mwilini hata kidogo. Huundwa maabarani, zikatiwa chupani zikiwa tayari. Kinachofanyika mwilini ni kule kushikana kwao tu. Ilinibainikia papo hapo kwamba kosa halikuwa la mama yule wala la sayansi. Lilikuwa la kitenzi nilichokichagua.

Makala haya yamezaliwa na swali hilo. Yananuia kutekeleza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kueleza kwa Kiswahili jinsi peptidi zinavyoweza kujenga maumbo madogo mno bila mjenzi, na maumbo hayo yana manufaa gani. Pili, kuonyesha kwamba kila istilahi tunayoipendekeza ni dai kuhusu namna jambo linavyotendeka, na dai hilo laweza kuwa kweli au likawa uongo. Mtunga istilahi asiyekielewa kitu anachokipa jina hukosea hata kama sarufi yake haina dosari. Aidha, nitajaribu kuonyesha kwamba mnyambuliko wa vitenzi vyetu una nyenzo za kulieleza jambo hili kwa usahihi, tukiwa radhi kuzichunguza.

Peptidi ni nini?

Miili ya viumbe hai hutegemea protini. Protini nazo hujengwa kwa vijenzi vidogo viitwavyo asidi amino. Zipo aina 20 za asidi amino ambazo kwa kawaida hutumika kuzijenga protini. Vijenzi hivyo huunganishwa kimoja baada ya kingine kama shanga uzini. Mnyororo ukiwa mrefu na wenye kujikunja katika umbo maalumu, huitwa protini. Ukiwa mfupi, huitwa peptidi.

Asidi amino mbili zinapounganishwa, molekuli moja ya maji hutoka, na kifungo imara hubaki kati yao. Hiki ndicho kifungo cha peptidi. Ni kifungo kigumu kukatika, na hapo ndipo kitenzi kuunda kina haki yake. Anayeiunganisha asidi amino moja na nyingine kweli anaunda kitu ambacho hakikuwapo. Katika maabara, kazi hii hutegemea sana mbinu aliyoichapisha mwanakemia wa Marekani, Bruce Merrifield, mwaka wa 1963, ya kuukuza mnyororo hatua kwa hatua huku ncha yake moja ikiwa imefungwa kwenye punje ngumu. Mbinu hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1984.

Msomaji wa isimu ataona mfanano. Asidi amino ni kama fonimu, na peptidi ni kama neno. Fonimu za neno hazitenganishwi pasipo kuliharibu neno lenyewe. Hata hivyo, maneno yaliyokwisha kukamilika huweza kuwekwa pamoja yakawa sentensi, kisha yakatenganishwa tena na kila neno likabaki neno. Hizi ni ngazi mbili tofauti. Tafsiri yangu ilizichanganya: nilisema kwamba neno linajiunda, ilhali nilikusudia kusema kwamba maneno yanaingia katika sentensi.

Udogo wa kinano

Kiambishi nano asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mtu mfupi mno. Katika vipimo, nanomita moja ni sehemu moja tu ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Ukiichukua milimita moja ya rula yako, ukaikata vipande milioni moja vilivyo sawa, kila kipande kitakuwa nanomita moja.

Unywele wa binadamu waweza kuwa na unene wa nanomita 80,000 hivi. Nyuzi za peptidi tutakazozitaja hapa zina unene wa nanomita zipatazo 10. Kwa hivyo, ingehitajika kulaza nyuzi 8,000 kando kwa kando ili kufikia upana wa unywele mmoja. Hakuna kibanio wala sindano ya mkono wa fundi inayoweza kuzipanga nyuzi ndogo kiasi hicho moja moja, zikatosha kufunika hata jeraha dogo. Hii ndiyo sababu wanasayansi huvutiwa sana na vitu vinavyoingia mahali pake vyenyewe. Fundi huchagua vijenzi na kuandaa mazingira, kisha huviacha.

Kata na taka: nguvu ya mpangilio

Mapema katika miaka ya 1990, mtafiti Shuguang Zhang alikuwa akichunguza protini moja ya hamira katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani. Protini hiyo iliitwa zuotini. Jina hilo lina funzo kwetu: zuo ni neno la Kichina lenye maana ya "kushoto", na protini hiyo ilipewa jina hilo kwa kuwa hushika aina ya DNA inayojisokota kuelekea kushoto. Mtafiti aliyezaliwa China alichota neno katika lugha yake, akalitia katika sayansi ya ulimwengu, na hakuna aliyemwambia kwamba lugha yake haitoshi.

Ndani ya zuotini mlikuwa na sehemu fupi yenye mfuatano wa kushangaza, wenye kujirudiarudia. Zhang na wenzake walitengeneza peptidi yenye mfuatano huo, wakaiita EAK16 kwa kuwa ina asidi amino 16 za aina tatu. Wanakemia huwakilisha kila asidi amino kwa herufi moja: A ni alanini, isiyopenda maji, E ni asidi glutamiki, yenye chaji hasi, K ni lisini, yenye chaji chanya. Ilipotiwa katika maji yenye chumvi, peptidi hiyo ilifanya utando ulioweza kuonekana kwa macho. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1993.

Hebu sasa tuitazame jozi ifuatayo kwa jicho la mwanaisimu. Aina moja ya peptidi hiyo ina mfuatano AEAEAKAKAEAEAKAK. Aina nyingine ina mfuatano AEAEAEAEAKAKAKAK. Msomaji akizihesabu herufi atakuta kwamba kila mfuatano una A nane, E nne na K nne. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Hata hivyo, katika maji yasiyo na uasidi wala ubesi, aina ya kwanza hufanya nyuzi, ilhali ya pili hufanya vidonge vya mviringo. Sababu ni kwamba katika aina ya pili chaji hasi zote zimekaa upande mmoja na chaji chanya zote upande wa pili. Ncha hizo mbili huvutana, mnyororo ukajikunja katikati kama kibanio cha nywele. Mnyororo uliojikunja hauwezi kulala sambamba na wenzake ili kufanya uzi.

Sisi tunalijua jambo hili tangu darasa la kwanza la fonolojia. Kata na taka zina sauti zilezile. Mpangilio ndio unaobadilisha maana. Katika peptidi vilevile, maana ya mnyororo, yaani umbo litakalotokea, imo katika mpangilio wa vijenzi na wala si katika vijenzi peke yake. Mtafiti anayetunga peptidi, kwa hivyo, ni mtunzi. Kwa asidi amino 20 anaweza kupata mifuatano 400 ya vijenzi viwili, mifuatano 8,000 ya vijenzi vitatu, na mifuatano 3,200,000 ya vijenzi vitano.

Ni nani anayefanya kazi?

Tumekwisha kuona kwamba mpangilio ni muhimu. Swali linalosalia ni lile alilolidokeza mama wa mkahawa: ni nani hasa anayetenda? Tuchukue peptidi iitwayo RADA16, ambayo ni jamaa ya karibu ya EAK16. Mfuatano wake ni RADA, ukirudiwa mara nne. R ni arginini, yenye chaji chanya. D ni asidi aspatiki, ambayo huwa na chaji hasi katika mazingira ya mwili. A ni alanini ileile isiyopenda maji.

Mnyororo huu ukinyooka, alanini zote huelekea upande mmoja, na zile zenye chaji huelekea upande wa pili. Matokeo yake ni mnyororo wenye nyuso mbili: uso unaoyaepuka maji na uso unaoyakaribisha. Ndani ya maji, nyuso zinazoyaepuka maji hukutana na kufichana. Minyororo iliyo kando kwa kando hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, na chaji chanya za mmoja huvutwa na chaji hasi za mwingine. Hakuna hata kimoja kati ya vifungo hivi kilicho na nguvu kikiwa peke yake, lakini vikiwa vingi hutosha kuutuliza uzi mzima.

Hapo chupani, myeyusho wa RADA16 huwa na uasidi. Katika hali hiyo, asidi aspatiki hupoteza chaji yake hasi, minyororo yote ikabaki na chaji chanya, na vitu vyenye chaji sawa husukumana. Kwa hivyo umajimaji hutiririka. Ukigusana na damu, uasidi hupungua na chumvi za mwili huingia. Chaji hasi hurudi, msukumano hupungua, na minyororo hushikana. Nyuzi hizo hutatizana kama wavu na kuyanasa maji. Sehemu kubwa mno ya jeli inayopatikana huwa ni maji.

Je, nani ametenda? Si mnyororo mmoja peke yake, kwa sababu mnyororo mmoja hauwezi kufanya uzi. Si daktari, kwa sababu yeye amemimina tu. Kilichotenda ni uhusiano baina ya minyororo, pamoja na maji na chumvi vinavyoizunguka. Istilahi iliyo sahihi haina budi kuubeba uhusiano huo.

Vitenzi vinne kwenye mizani

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitolewa mwaka wa 1990, yaani kabla ya matokeo ya Zhang na wenzake kuchapishwa. Si haki kuilaumu kwa kutoutaja uwanja ambao ulikuwa bado mchanga mno. Wajibu huo ni wetu. Nimevipima vitenzi vinne ambavyo wenzangu wamevipendekeza kwa nyakati mbalimbali.

Kitenzi cha kwanza ni kujiunda. Kama ilivyokwisha kuelezwa, kuunda ni kufanya kitu kisichokuwapo kiwepo. Neno hili linastahili kutumika kwa kifungo imara kinachofungwa maabarani. Aidha, kiambishi kirejeshi -ji- humrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. Ni kweli kwamba -ji- haidai nia kila mara, kwani mtu huweza kujikata bila kutaka. Lakini hudai kwamba mtenda na mtendwa ni yuleyule. Peptidi haijitendei, hutendeana na wenzake. Isitoshe, msikilizaji wa kawaida akiambiwa kwamba kitu kinajiunda mwilini, hudhani kwamba kinazaana. Hofu ya yule mama ilikuwa halali kabisa kwa mujibu wa sarufi ya sentensi niliyomsomea.

Kitenzi cha pili ni kuganda. Mwanzoni kinavutia, kwa sababu umajimaji hubadilika ukawa mzito kama maziwa yanavyoganda. Lakini tukumbuke kwamba tunazungumzia jeraha, na kwenye jeraha kinachoganda ni damu. Jeli hii kwa kiasi kikubwa huzuia damu kwa kuziba njia yake, kama kizibo laini kinacholalia umbo la jeraha. Kusema kwamba peptidi "huganda" au "hugandisha" ni kumfanya muuguzi au mgonjwa aiweke katika kundi la dawa za kugandisha damu. Kwa mgonjwa ambaye tayari ameonywa kuhusu hatari ya damu kuganda mishipani, kosa hilo si la mtindo tu.

Kitenzi cha tatu ni kujipanga. Hiki kina sifa nzuri, kwa maana kinatoa wazo la utaratibu. Umbo linalopatikana si bonge tu. Lina safu zinazofuata kanuni. Hata hivyo, kina upungufu wa aina mbili. Kwanza, -ji- imerudi. Pili, kupangwa si kushikana. Wanafunzi waliojipanga mstarini asubuhi hawajashikana, na kengele ikilia hutawanyika. Kujipanga kunaeleza mkao bila kueleza kinachoushikilia mkao huo.

Kitenzi cha nne ni kushikamana. Tukichanganue: shik-am-an-a. Mzizi shik- unatoa wazo la mguso unaozuia kuachana. Kiambishi -am- ni cha kauli ya kutendama, tunayoiona katika fichama, fungama na gandama. Kauli hii hueleza kuingia katika hali na kutulia humo, bila kusisitiza ni nani aliyeisababisha. Kiambishi -an- ni cha kauli ya kutendana, ambayo hudai washiriki wawili au zaidi. Kwa hivyo, katika neno moja tunapata mguso, utulivu usiotaja mtenda, na wingi wa washiriki. Haya matatu ndiyo tuliyoyaona katika RADA16. Tena kushikamana kuna kinyume chake kilicho tayari, yaani kuachana, na kinyume hicho kinahitajika kwa sababu vifungo hivi dhaifu huweza kuachana mazingira yakibadilika.

Kasoro ya kushikamana ni kwamba hakutaji utaratibu. Tope nalo hushikamana. Kwa sababu hiyo, napendekeza tuseme kushikamana kwa mpangilio, na nomino yake iwe mshikamano wa mpangilio. Najua kwamba istilahi ya maneno matatu ni ndefu, na kwamba wengi wetu hupenda istilahi fupi. Lakini ufupi unaompotosha msikilizaji hauna faida.

Matumizi ya mshikamano huu

Matumizi yanayojulikana zaidi ni yale ya kuzuia damu. Mwaka wa 2006, Rutledge Ellis-Behnke na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio kwa wanyama wa jamii ya panya. Peptidi zilipomiminwa juu ya majeraha ya ubongo, uti wa mgongo, ini na ngozi, damu ilikoma kutoka kwa muda usiotimia sekunde 15. Tangu wakati huo, jeli inayotokana na RADA16 imeidhinishwa barani Ulaya na kwingineko, na madaktari huitumia katika baadhi ya upasuaji, hasa ule wa ndani ya utumbo unaofanywa kwa mrija wenye kamera. Kwa kuwa jeli hiyo haina rangi, daktari huweza kuona kinachoendelea chini yake.

Matumizi ya pili ni ya dawa inayojihifadhi yenyewe. Lanreotidi ni peptidi yenye asidi amino nane, na hutumiwa kutibu wagonjwa ambao miili yao hutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mwaka wa 2003, watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba ndani ya maji, molekuli zake hushikamana na kufanya mirija yenye upana wa nanomita 24 hivi. Ikidungwa kwa wingi chini ya ngozi, dawa hii hukaa kama akiba, na molekuli huachana polepole na kuingia katika damu. Ndiyo maana sindano moja huweza kutosha kwa takriban wiki nne. Hapa kuachana ndiko kunakotibu, na kushikamana ni ghala tu.

Matumizi ya tatu yanahusu meno. Katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, watafiti walitunga peptidi ya asidi amino 11 iitwayo P11-4. Ikipakwa kwenye jino lililoanza kuoza lakini lisilotoboka, hupenya ndani ya sehemu iliyodhoofika, ikashikamana humo na kufanya nyuzi zinazovuta kalisiamu ya mate. Nia ni kulisaidia jino lijijaze tena kabla ya kuhitaji kuchimbwa.

Matumizi ya nne yako nje ya tiba. Mwaka huohuo wa 2003, Meital Reches na Ehud Gazit wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walieleza kwamba peptidi yenye asidi amino mbili tu, yaani fenilalanini mbili, hufanya mirija ya kinano. Waliijaza mirija hiyo ioni za fedha, wakazigeuza kuwa madini, kisha wakaiyeyusha peptidi kwa kimeng'enya. Kilichobaki kilikuwa nyaya za fedha zenye unene wa nanomita 20 hivi. Peptidi ilitumika kama kalibu ya sonara: hushika umbo, kisha huondolewa.

Yapo pia matumaini ambayo bado ni matumaini. Mwaka wa 2021, kundi la Samuel Stupp la Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani lilichapisha matokeo ya panya waliokuwa wamepooza kwa jeraha la uti wa mgongo. Baada ya kudungwa mara moja nyuzi za molekuli zenye peptidi, panya hao waliweza kutembea tena katika muda wa wiki nne. Inafaa tuwe waangalifu hapa: panya si binadamu, na mwandishi wa Kiswahili asiwape wagonjwa ahadi ambayo watafiti wenyewe hawajaitoa. Isitoshe, peptidi ni ghali kutengeneza, na jeli zake ni laini mno kuweza kubeba uzito kama mfupa.

Mshikamano si sifa

Neno mshikamano lina mtego wake. Katika hotuba za wanasiasa, mshikamano ni jambo la kusifiwa daima. Katika biokemia sivyo. Mwaka wa 1906, daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza kuhusu mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu, na ambaye ubongo wake, ulipochunguzwa kwa hadubini baada ya kufa, ulionekana kuwa na mabaka yasiyo ya kawaida. Leo inafahamika kwamba mabaka hayo yana peptidi iitwayo beta amiloidi, yenye asidi amino 40 au 42 hivi, iliyoshikamana ikafanya nyuzi. Jozi ile ya fenilalanini mbili, iliyotumika kutengeneza nyaya za fedha, imo ndani ya beta amiloidi.

Kwa hivyo, nguvu ileile inayoziba jeraha hushiriki pia katika ugonjwa unaowapokonya wazee wetu majina ya watoto wao. Nimelitaja jambo hili ili wanaofundisha istilahi wawaonye wanafunzi kwamba neno linapohama kutoka jukwaa la siasa kuingia maabarani, halina budi kuacha sifa zake mlangoni.

Istilahi zilizopendekezwa

Kifungo imara: kile kinachounganisha asidi amino ndani ya mnyororo mmoja.
Kifungo dhaifu: kile kinachoshikilia mnyororo mmoja kwa mwingine.
Mfuatano: jinsi asidi amino zinavyoandamana katika mnyororo.
Mshikamano wa mpangilio: minyororo mingi kushikana kwa vifungo dhaifu na kufanya umbo lenye utaratibu.
Mwachano: minyororo iliyoshikamana kurudi kuwa mmoja mmoja.
Uzi wa kinano na mrija wa kinano: maumbo yanayotokana na mshikamano huo.

Hitimisho

Tangu Katiba ya mwaka wa 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi nchini Kenya. Maana yake ni kwamba mgonjwa ana haki ya kutarajia kuelezwa kwa lugha hii kitu kinachotiwa mwilini mwake kabla hajatia sahihi. Siku hiyo ikifika, muuguzi hatakuwa na wakati wa kutunga istilahi kando ya kitanda. Atachukua neno atakalolikuta. Likiwa ni neno baya, mgonjwa ama ataogopa lisilostahili kuogopwa, ama ataridhia asilolielewa.

Wajibu wetu, sisi tunaosomea Kiswahili, si kungoja wanasayansi watuletee orodha ya maneno ya kutafsiri. Ni kuketi nao, kuwauliza nani anatenda na nani anatendwa, kisha kurudi kwenye viambishi vyetu. Nawapendekezea wahadhiri wetu zoezi hili: mpe mwanafunzi wa mofolojia jambo moja la kisayansi, na umtake atetee kila kiambishi katika istilahi anayoipendekeza.

Nami nilirudi mkahawani. Nilimweleza yule mama kwamba vijiuzi hivyo huja vikiwa vimekwisha kutengenezwa. Kwamba haviongezeki, bali hushikamana tu. Na kwamba baadaye mwili huvivunjavunja vikawa asidi amino kama zile zinazotokana na maharagwe anayotupikia. Alinisikiliza huku akifuta meza.

"Basi ungesema hivyo tangu mwanzo," akaniambia.